Anza na Weupe: Kupiga Picha kwa Jicho la Wachoraji wa Wino wa China

Katika miaka ya 1930 mpigapicha Lang Jingshan, aliyekuwa amezoea kazi ya magazeti mjini Shanghai, alianza kuingia chumba cha giza na negativi kadhaa kwa mpigo: kilele cha mlima alichokipiga mahali pamoja, mti kutoka mahali pengine, mashua kutoka maji mengine kabisa. Alizichapa moja baada ya nyingine juu ya karatasi ileile, akaacha ukungu mweupe uziunganishe. Kilichotoka kilikuwa kazi ya kamera, lakini mtu aliyekulia kati ya michoro ya wino aliitambua milima ile mara moja. Lang alizaliwa mwaka 1892 akafariki 1995, na njia aliyoifungua ina wafuasi wakubwa. Don Hong-Oai, mwanafunzi wake, alizaliwa Guangzhou mwaka 1929, akakulia Saigon, akamalizia maisha yake San Francisco akichapa picha za rangi ya kahawia zenye milima, ndege na mashua. Wang Wusheng alianza kuupiga picha mlima Huangshan mwaka 1974, akaendelea kwa miongo mingi, daima kwa nyeusi na nyeupe.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuifuata njia hiyo kwa vitendo, awe na kamera kubwa au simu tu. Jambo moja litajirudia karibu kila hatua, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine yote: weupe ndio unaobeba picha. Anayeanza huhangaika kutafuta mlima uliochongoka, msonobari uliopinda, mzee mwenye kofia pana. Akishavipata vyote, picha bado huonekana ya kitalii, kwa sababu ameijaza fremu mpaka pembeni. Mchoraji wa wino huanza kwa kuamua ni wapi brashi haitagusa.

Hatua ya 1: Kaa na michoro kabla ya kushika kamera

Hatua hii wengi huiruka, nami naihesabu kuwa nusu ya kazi. Makumbusho ya Kasri la Taifa, Taipei, yameweka picha za michoro yake mtandaoni, na unaweza kuzikuza mpaka uone mstari wa brashi. Anza na miwili.

Wa kwanza ni mchoro wa Fan Kuan wa wasafiri katika milima na vijito, wa mnamo mwaka 1000, wenye urefu wa zaidi ya mita 2. Mlima umetawala sehemu kubwa ya hariri, na chini, upande wa kulia, kuna msafara wa wanyama wa mizigo ambao mtu asiye makini anaweza asiuone. Tazama ukanda wa ukungu ulio kati ya miamba ya mbele na mlima wa nyuma. Ukanda huo ndio unaoupa mlima umbali na ukubwa wake. Ufunike kwa kidole, uone jinsi mlima unavyogandana na miamba na kupungua ghafla.

Wa pili ni mchoro wa Guo Xi wa mwanzo wa majira ya kuchipua, wa mwaka 1072. Guo Xi aliacha pia mafundisho, yakakusanywa na mwanawe Guo Si, na humo kuna kanuni ya masafa matatu ambayo kwa mpigapicha ni dhahabu. Safa la juu ni pale unaposimama chini ya mlima na kutazama kilele. Safa la kina ni pale unapotazama kutoka mlima wa mbele kuelekea ile iliyojificha nyuma yake. Safa la usawa ni pale jicho linaposafiri kutoka karibu hadi mbali bila kupanda, juu ya maji au bonde tambarare. Kabla ya kubonyeza kitufe, jiulize umesimama katika safa lipi. Picha nyingi dhaifu zinataka yote matatu kwa wakati mmoja.

Kisha tafuta kazi za Ma Yuan na Xia Gui, wachoraji wa kasri la kifalme mjini Hangzhou katika enzi ya Song ya Kusini. Watu waliwapa majina ya utani, Ma wa pembe moja na Xia wa upande mmoja, kwa kuwa waliviweka vitu vyao pembeni na kuiachia hewa sehemu iliyobaki. Katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo kuna mchoro unaonasibishwa na Ma Yuan: mvuvi peke yake ndani ya mtumbwi, mistari michache ya mawimbi, basi. Maji, ubaridi na ukimya wa mto vyote vimo katika hariri ambayo haikuguswa. Chapisha mchoro huo kwenye karatasi ya kawaida, uchore kwa penseli mpaka wa sehemu iliyoguswa na wino. Utakapoona jinsi mpaka huo ulivyo mdogo, utakuwa umejifunza kitu ambacho hakuna lenzi itakayokufundisha.

Hatua ya 2: Ifuate hali ya hewa

Jua kali la saa nne asubuhi halina nafasi hapa. Unachohitaji ni ukungu, mawingu mazito, manyunyu au theluji.

Ukungu wa bondeni unaweza kuubashiri. Huja baada ya usiku wenye mawingu machache na upepo uliotulia, hasa kama mvua ilinyesha jana yake. Ardhi hupoteza joto, hewa iliyoigusa hupoa hadi kiwango cha umande, na unyevu unageuka matone. Katika programu ya hali ya hewa, angalia joto la alfajiri na kiwango cha umande: tofauti ikiwa nyuzi 2 au chini yake, na upepo ni hafifu, tega saa. Fika kabla ya mapambazuko, kwa maana jua likishapanda ukungu wa namna hii huyeyuka haraka. Dakika bora mara nyingi ni zile unapoanza kuvunjika, kilele kimoja kikitokeza na jirani yake bado kikiwa kimefunikwa.

Mahali penyewe pa asili ni Huangshan, mkoa wa Anhui. Vilele vyake vya matale vinafika mita 1,864 kwenye kile cha Lianhua, na misonobari yake huota kwenye nyufa za mawe kana kwamba haihitaji udongo. Wachoraji Hongren na Shitao waliuchora katika karne ya 17, na UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 1990. Bahari ya mawingu huonekana zaidi kati ya Novemba na Mei. Lala kwenye hoteli za juu ya mlima, maana anayepanda asubuhi kutoka chini hukuta mapambazuko yamekwisha. Ngazi za mawe ni nyingi, kwa hiyo pakia vifaa kwa uchache. Sehemu ya pili ni mto Li, kati ya Guilin na Yangshuo, wenye vilima vya chokaa vilivyosimama wimawima. Mandhari ya karibu na Xingping ndiyo iliyo nyuma ya noti ya yuani 20. Huko mvua za Aprili hadi Juni, zinazowakera watalii, ndizo rafiki yako.

Si lazima usafiri hadi China ili ujifunze. Matuta ya Usambara yanayoonekana kutoka Lushoto, mashamba ya chai ya Limuru katika baridi ya Julai, visiwa vya ziwa Bunyonyi alfajiri, ukingo wa Ngorongoro: kote huko utapata tabaka zinazofifia moja nyuma ya nyingine. Walioko Oman wana Dhofar, ambako msimu wa khareef, Juni hadi Septemba, huifunika milima ya Salalah kwa ukungu na manyunyu. Na pwani, siku ya mawingu mazito maji yakiwa yamekupwa, bahari na mbingu huwa weupe mmoja, na mikoko michache inatosha. Usijaribu kuigeuza Lushoto iwe Anhui. Chukua namna ya kutazama, mandhari yabaki ya pale yalipo.

Hatua ya 3: Vifaa

Lenzi ndefu ina faida kuliko pana. Kati ya milimita 70 na 200, matuta yaliyo mbali husogezwa karibu na kupangika tabaka juu ya tabaka. Lenzi pana ikiinuliwa juu hulaza vilele kuelekea nyuma, na mchoraji wa wino hakuwahi kulaza mlima. Kwenye simu tumia lenzi yake ya kukuza, uache kukuza kwa kubana skrini kwa vidole. Beba stendi ya miguu mitatu kwa sababu ya giza la alfajiri, na kitambaa kikavu cha kufutia umande kwenye lenzi. Vichujio vya rangi viache nyumbani.

Hatua ya 4: Ufanye weupe uwe mweupe

Hapa ndipo picha nyingi za ukungu zinapofia. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba chochote kilicho mbele yake ni cha kijivu cha kati. Ukikielekeza kwenye ukungu, kinaona mwanga mwingi na kuupunguza, na ukungu uliong'aa machoni mwako unatoka kijivu kama maji ya kufulia. Wewe unajua kuwa ni mweupe, kamera haijui. Mwambie.

Tumia kitufe cha kurekebisha mwanga, chenye alama ya jumlisha na toa. Stopu 1 huongeza mwanga maradufu. Kwa ukungu mwepesi wenye vitu vyeusi mbele, ongeza kama theluthi 2 za stopu. Kwa ukungu uliojaza fremu, ongeza stopu 1 hadi 1 na theluthi 2. Kwa mti mmoja juu ya theluji au anga tupu, unaweza kufika 2. Piga picha tatu zinazotofautiana mwanga kila unaposimama, kwa sababu ukungu hubadilika dakika kwa dakika.

Kisha usome histogramu, ile grafu ya mwanga nyuma ya kamera. Mlima wa grafu unatakiwa uegemee kulia bila kujibandika ukutani. Ukijibandika, sehemu hiyo haina tena taarifa yoyote, na hapo ndipo inapobidi kuutofautisha weupe ulio hai na weupe uliokufa. Weupe wa mchoro si tundu. Hariri ya Fan Kuan ina joto, ina nyuzi, ina umri. Jicho likifika pale hupumzika, halidondoki. Kwa hiyo acha ukungu uwe mwangavu sana lakini wenye mabadiliko madogo ndani yake. Piga kwa faili la RAW (faili ghafi, kabla kamera haijaibana picha) kama kamera yako inaweza, maana JPEG huyatupa mabadiliko hayo madogo kwanza.

Kwenye simu, gusa na ushikilie kidole juu ya kitu chenye giza la wastani mpaka kipimo kifungike, kisha telezesha alama ya jua kwenda juu taratibu. Zima HDR. Kazi yake ni kusawazisha giza na mwanga, na wewe unataka tofauti hiyo ibaki.

Hatua ya 5: Panga kwa kuondoa

Chagua kitu kimoja. Kilele, tawi, mtumbwi, korongo. Kiweke pembeni, kwenye kona ya chini au kando, kikielekea kwenye nafasi tupu. Kisha zunguka fremu yote kwa macho ukiuliza kila kilichomo: kikitoka, picha itapungukiwa? Nguzo ya umeme ni rahisi kuiondoa. Vigumu ni vile vizuri: mti wa pili wenye umbo la kupendeza, kilima cha tatu. Vitoe hivyo pia, kwa kusogea hatua mbili au kwa kubadilisha lenzi.

Maumbo ya karatasi ya wachoraji yatakusaidia kufikiri. Hati ya kuning'inizwa ni nyembamba na ndefu, kwa hiyo kata picha yako kwa uwiano wa 1 kwa 2 au hata 1 kwa 3, wima. Hati ya kukunjua kwa mkono hutazamwa kipande kwa kipande kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa hiyo kama unaunganisha picha kadhaa kuwa panorama ndefu, weka tukio la kwanza kulia. Ukurasa wa albamu ni karibu mraba, nao unafaa kwa ua au ndege mmoja.

Kuhusu ukubwa wa watu kuna kanuni ya zamani, inayonasibishwa na Wang Wei wa enzi ya Tang, inayotaja vipimo vya Kichina ambavyo kila kimoja ni sehemu ya kumi ya kilichotangulia, na cha mwisho ni cha mtu. Ukiihesabu, mlima ukiwa 1,000, mti ni 100, farasi 10, na mtu 1. Usiipime kwa rula. Ila binadamu akianza kukaribia kimo cha mti, jua kwamba picha yako inageuka kuwa ya mtu mwenye mlima nyuma yake.

Kando ya mto Li utakutana na wavuvi wazee wenye mnandi na taa kwenye mashua za mianzi. Wengi wao siku hizi wanaishi kwa kupigwa picha, si kwa kuvua. Ni kazi halali: kubaliana bei mapema, lipa bila kunung'unika, na usiandike chini ya picha kwamba umemkuta akivua.

Hatua ya 6: Zoezi la dirishani, kwa asiye na mlima

Michoro ya Kichina haiishii kwenye milima. Ua la mei (aina ya plamu ya China), okidi, mwanzi na krisanthemu vimechorwa kwa karne nyingi kama waungwana wanne. Bada Shanren, aliyeishi 1626 hadi 1705, alichora samaki juu ya karatasi tupu bila kuchora tone la maji, na mtazamaji akayaona maji. Qi Baishi, aliyefariki 1957, alifanya vivyo hivyo na kamba wake. Unaweza kulifanya somo hilo mezani kwako.

Bandika kitambaa cheupe chepesi au karatasi ya kuchorea ramani kwenye dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Weka tawi la mwanzi, jani la papai lililokauka, ua la mlangilangi, chochote chenye mstari mzuri, sentimita 30 hivi mbele yake. Mwanga ukitoka nyuma, petali na majani membamba huangaza ndani kwa ndani, na mishipa yake huonekana kama mistari ya brashi. Ongeza mwanga stopu 2 hadi 3 kutoka kipimo cha kamera, hadi dirisha lififie kuwa karatasi. Kama kamera iko kwenye stendi, piga mfululizo wa picha 5, kila moja ikizidi nyingine kwa stopu 1. Baadaye anza na ile angavu kuliko zote kama tabaka la chini, kisha paka polepole kutoka zile nyeusi zaidi pale tu unapohitaji mshipa wa jani au kitovu cha ua. Hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na rangi ya maji: unaanza na karatasi, unaongeza giza kidogo kidogo, bila kurudi nyuma.

Lifanye zoezi hili mara nyingi. Ni la bei nafuu, halisubiri mvua, na linamfundisha mtu kuuona mstari.

Hatua ya 7: Kuunganisha, kwa namna ya Lang Jingshan

Mchoraji wa wino hakukaa mbele ya mlima akinakili. Alitembea humo, akarudi nyumbani, akachora milima kadhaa iliyokutana kichwani mwake. Lang aliona kwamba kamera, inayofungwa na mahali pamoja na sekunde moja, inaweza kupewa uhuru huohuo kwenye chumba cha giza. Leo chumba hicho kimo kwenye kompyuta. GIMP ni programu ya bure na inatosha. Photoshop ina starehe zaidi. Kwa simu, Snapseed ina zana ya kuweka picha moja juu ya nyingine.

Kusanya kwanza akiba. Kila unapotoka, piga vipande: mti peke yake dhidi ya anga jeupe, tuta la mbali, ndege, mtumbwi pamoja na kivuli chake majini. Vipige vyote chini ya mawingu. Mwanga wa mawingu hauna upande, hivyo kipande cha Januari hakitagombana na cha Agosti. Jua likishatia kivuli upande mmoja, kipande hicho kinaweza kukaa tu na ndugu zake wenye kivuli upande uleule.

Sasa fungua mandhari ya msingi, yenye ukungu mwingi. Weka juu yake tabaka lenye mti. Kwa kitelezi cha viwango, sukuma anga la nyuma ya mti mpaka liwe jeupe kamili. Kisha badilisha namna ya kuchanganya tabaka, chagua ile iliyoandikwa Multiply. Programu huzidisha mwanga wa tabaka moja kwa mwanga wa jingine, na kwa kuwa nyeupe huhesabiwa kuwa 1, kila kilicho cheupe kinatoweka na mti unabaki, matawi membamba yote yakiwa salama, bila kukata chochote kwa mkasi. Hii ni sababu nyingine ya kupenda weupe tangu hatua ya upigaji.

Kilichobaki ni shina. Ongeza maski (kifuniko cha kuficha sehemu ya tabaka) kwenye tabaka la mti, chukua brashi laini yenye nguvu ya asilimia 10 hadi 20, na ufifishe sehemu ya chini hadi izame kwenye ukungu. Mlima pia hufifia chini na kuwa mkali juu, kinyume na mazoea ya wengi. Chunguza urefu wa kamera: mtumbwi uliopigwa kutoka darajani hauwezi kuelea kwenye maji yaliyopigwa kutoka ufukweni. Na ukileta mtumbwi bila kivuli chake cha majini, hakuna ukungu utakaouokoa.

Andika wazi kwamba ni picha iliyounganishwa. Lang aliitangaza mbinu yake, akaifundisha. Mashindano ya picha za habari na za maumbile huzikataa kazi za namna hii, na ni haki yao. Mahali pake ni kwenye sanaa.

Hatua ya 8: Wino wa aina tano

Zhang Yanyuan, aliyeandika historia ya wachoraji mwaka 847, alieleza jinsi wino peke yake unavyoweza kubeba rangi zote. Wachoraji huzitaja daraja tano, kutoka mweusi mkavu hadi maji yenye kumbukumbu tu ya wino. Igeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe, kisha uzigawe daraja hizo kwa umbali. Weusi kamili upewe kitu cha mbele pekee, na kiwe kidogo. Tuta la pili lisifike weusi, la tatu liwe kijivu, la nne liguse tu karatasi. Ukiona tuta la mbali lina weusi sawa na la mbele, chagua eneo hilo na uinue sehemu ya chini ya mkunjo wa toni, ule mstari wa kurekebisha giza na mwanga.

Punguza vitelezi vya Clarity na Dehaze kidogo kwenye sehemu za mbali. Cha kwanza hukaza tofauti za giza na mwanga, cha pili huondoa ukungu, nawe umeamka saa kumi usiku kuufuata. Ukali uweke kwenye majani na miamba ya mbele tu. Fanya kazi kwa biti 16, kwa kuwa anga linalofifia taratibu likihaririwa kwa biti 8 hupasuka kuwa michirizi; ikitokea hivyo, chembechembe kidogo za filamu zitaificha.

Mwisho, shusha weupe. Kwenye kipimo cha 0 hadi 255, karatasi ikae kati ya 235 na 245, yenye joto dogo la njano. Kahawia ya Don Hong-Oai ni nzuri lakini hulevya: iongeze, kisha uipunguze nusu. Kama unataka rangi, kumbuka hati ya Wang Ximeng ya mwaka 1113, iliyoko Makumbusho ya Kasri, Beijing, yenye urefu wa karibu mita 12, iliyopakwa buluu na kijani za madini juu ya kahawia. Rangi mbili, tena za ukoo mmoja. Nisingeweka michubuko ya uzee wala madoa ya kahawa yanayouzwa mtandaoni. Yanapiga kelele pale ulipopata taabu kuleta ukimya.

Hatua ya 9: Karatasi, muhuri na maneno

Picha ya namna hii haijakamilika ikiwa bado kwenye skrini, kwa sababu weupe wa skrini ni taa na weupe unaoutaka ni karatasi. Karatasi ya Xuan, inayotengenezwa wilaya ya Jing mkoani Anhui kwa magome ya mti na nyasi za mpunga, iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2009. Iliyo ghafi hunyonya wino wa printa na kuusambaza, kwa hiyo tafuta iliyopakwa dawa ya kupokea wino huo, au tumia karatasi ya pamba isiyong'aa. Karatasi inayong'aa usiikubali hata ukipewa bure. Kwa chapisho la sentimita 30 kwa 90, nukta 200 kwa inchi zinatosha kwenye karatasi yenye nyuzi: pikseli 2,362 kwa 7,087, takriban megapikseli 17. Chapisha kwanza kipande chembamba kinachopita kwenye sehemu angavu kuliko zote, ukitazame kwa mwanga wa dirisha. Kama huoni mpaka kati ya ukungu na ukingo mtupu wa karatasi, rudi ushushe weupe kidogo.

Muhuri mwekundu unavutia kila mtu. Katika michoro ulikuwa alama ya mchoraji, na wenye kumiliki mchoro waliongeza ya kwao; mfalme Qianlong aligonga ya kwake kwa wingi hadi kwenye nafasi tupu za kazi za kale. Kama hujui kusoma Kichina, usinakili herufi usizozielewa. Chonga jina lako mwenyewe kwa herufi zako, dogo, na uligonge karibu na kitu kilichopigwa, mbali na nafasi inayobeba hewa. Wachoraji waliandika pia mashairi juu ya mandhari. Sisi tuna utamaduni mpana wa ushairi, na mshororo mmoja wa mizani 16 ulioutunga mwenyewe, ukiandikwa kwa mkono chini ya picha, una haki zaidi ya kukaa pale kuliko herufi za kuazima.

Nyuma ya karatasi andika kwa penseli jina la kazi, mwaka, aina ya karatasi na namba ya nakala. Kama imeunganishwa, orodhesha kila kipande kilipigwa wapi.